Kiti cha Kulia cha Pijo

Ukimkuta Swafiya kibandani kwake Gisozi, hapa Kigali, kati ya maseremala na wachomeleaji, kiti cha gari kimebanwa magotini na sindano imebanwa menoni, huwezi kudhani kwamba mwanamke huyu amewahi kuteremka mlima kwa kasi ya kilomita mia moja na thelathini huku akisoma daftari kwa sauti. Na yeye hatakwambia. Atakuuliza unataka ngozi au turubai, basi. Ndiyo maana nasema mimi.

Alianza na magauni. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na babu yake vilevile, aliyefika huku na wafanyabiashara wa pwani. Lakini Swafiya alichoshwa na maharusi wanaonenepa kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, halafu lawama zinamwangukia fundi. Akahamia kwenye viti vya magari. Alisema kiti angalau hakili pilau.

Siku moja akaletewa kiti cha dereva cha Pijo 504 ya mwaka 1974. Mwenyewe alikuwa Mutsinzi, mfamasia mwenye duka karibu na njia panda ya Sonatubes, mtu mrefu aliyekulia Karagwe, Tanzania, ambaye mtaa mzima humwita Daktari. Swafiya alikigeuza kiti, akakipapasa, akasema bila kuinua macho: "Daktari, kitambaa kimelika upande wa kushoto tu. Wewe kona za kulia unaziingia kwa pupa."

Mutsinzi akakiinamia kiti kukitazama. Kweli, alikuwa mshindani wa mbio za magari ya kale, zile zinazokimbizwa kwenye lami, barabara ikiwa imefungwa, gari moja linaondoka na jingine linafuata baada ya dakika mbili, na saa ndiyo hakimu. Na kweli, kona za kulia zilikuwa zikimtesa. Msomaji wake wa miaka mingi, yaani mtu anayekaa kando ya dereva akimtangazia barabara inavyokuja, hakuwahi kumwambia hilo. Huyo aliitwa Zephaniah, jitu la kilo mia moja na kumi, na sasa mgongo ulikuwa umemkatalia.

"Unajua kusoma haraka, Fundi?" Mutsinzi akauliza.

"Najua kusoma. Haraka ni juu yako."

Basi hapo ndipo yalipoanzia. Makubaliano yalikuwa mafupi: mbio moja ya majaribio. Wakimaliza ndani ya watano bora, kiti cha kulia, kile cha msomaji, maana usukani huku uko kushoto, ni cha Swafiya. Wasipofika, Mutsinzi atatafuta mtu mwenye uzoefu, na yeye arudi kwenye turubai zake. Swafiya akasema sawa, kwa sauti ya mtu asiyejali. Uongo mtupu! Usingizi ulimpaa wiki nzima, alikitaka kile kiti kama hajawahi kutaka kitu tangu azaliwe.

Wasomaji wengine huandika barabara kwa namba. Swafiya aliiandika kama nguo. Kona nyepesi aliita kiuno, kona kali aliita kwapa, na ile inayokurudisha ulikotoka aliita kola. Barabara iliyonyooka ilikuwa mshono. Alhamisi walizunguka njia nzima polepole, yeye akipima na kuandika, Mutsinzi akicheka. Raundi ya tatu hakucheka tena, kwa sababu kila kona ilikuwa imekaa mahali pake, na kila ya kulia aliiongezea neno: subiri.

Msifikiri lami ni mchezo. Matope yana huruma, ukiteleza yanakupokea. Lami haina habari na mtu. Upande huu ukuta, upande ule mtaro wa mawe, na katikati breki za gari la miaka hamsini ambazo hutafakari kwanza kabla ya kukubali. Hakuna mifuko ya hewa wala kompyuta ya kukuokoa, kuna mkanda tu, na mkanda ule Swafiya aliushona mwenyewe mara tatu. Watu wanaofanya haya kwa hiari yao mimi nawavulia kofia, hata kama mama zao wana haki ya kulia.

Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, na kama kila mkazi Swafiya alitoka asubuhi kufanya kazi ya mtaa. Mbio zingepita hapohapo kwao kesho yake. Bi Mukasine, jirani anayejua kuamrisha watu kuliko mwenyekiti, alisimama kwenye kona iliyo chini ya mikaratusi, mikono kiunoni. "Kesho wageni iko napita hapa, na barabara iko nyeusi hivi ya mafuta? Yampayinka! Aibu yetu!"

Aibu ya uchafu, Kigali, nani ataivumilia? Wakafagia. Wakaona haitoshi. Swafiya mwenyewe, kwa fahari, akakimbilia nyumbani akaleta ndoo na mfuko mzima wa sabuni ya unga. Wakaipiga lami mswaki kama sakafu ya sebule. Povu hadi vifundoni, nyimbo, vicheko. Maji ya madumu yakaisha kabla hawajasuuza vizuri, lakini jua lilikuwa kali, sabuni ikakauka, lami ikang'aa. Kila mtu akaenda zake ameridhika.

Jumapili, baada ya vipande viwili vya mashindano, Pijo ilikuwa ya nne kati ya magari kumi na mawili. Ya nne! Mutsinzi alikuwa akiimba peke yake ndani ya helmeti. Swafiya, helmeti juu ya mtandio, alikuwa amekaa juu ya mito miwili ya manjano, maana kiti cha Zephaniah kilimmeza na bila mito asingeona barabara. Kikabaki kipande cha mwisho, cha Gisozi. Magari sita yalikuwa yameshaondoka. Walipopewa ishara, tone moja la mvua likaanguka kwenye kioo.

"Bismillahi," akasema Swafiya, na Pijo ikanguruma.

"Mshono mia mbili! Kwapa kulia, subiri... subiri... sasa! Mshono mia, kola kushoto!"

Gari lilikuwa likiinama na kuinuka, kuta zikipita karibu hadi aliona mtu ameshika kikombe cha chai. Na alifurahi, jamani! Hakuna furaha aliyowahi kuionja iliyofanana na ile ya kusema neno na tani nzima ya chuma ikalitii. Matone yakawa manyunyu. Akafungua ukurasa wa mwisho: mshono mia tatu, kiuno kushoto chini ya mikaratusi, kanyaga usiachie.

Kiuno kushoto. Mikaratusi. Mvua. Sabuni!

"Achia! Gia ya pili! Achia, Daktari!"

"Daftari linasema nikanyage!"

"Daftari nimeliandika mimi! Achia!"

Mutsinzi akaachia. Hata hivyo Pijo ilianza kuteleza kwa nyuma, kimyakimya, povu jeupe likipanda kwenye magurudumu, mtaro wa mawe ukija upande wa Swafiya. "Usishike breki," akasema, taratibu sasa, kama anayeongoza uzi tunduni. "Iache. Iache. Geuza kidogo. Haya." Gari likajinyoosha, hatua moja kutoka kwenye uzio wa Mukasine.

Mutsinzi akashusha pumzi na kurudisha mguu kwenye mafuta. Mstari wa kumalizia ulikuwa mbele, si mbali.

"Simama," Swafiya akasema.

"Fundi, tuko wa nne!"

"Nyuma kuna Ntare na Datsun yake, anakuja baada ya dakika mbili. Daftari lake halina sabuni." Tayari alikuwa anafungua mkanda. "Ile sabuni niliimwaga mimi, Daktari. Kwa mkono wangu. Simama."

Alijua anachokitupa. Machozi yalishamjaa machoni kabla gari halijasimama. Akaruka nje na mto mmoja wa manjano mkononi, akakimbia kupanda mlima, akiutikisa mto juu na kupiga kelele kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Datsun ikatokea mwisho wa mshono. Ntare akaona mto wa manjano, akashangaa, akapunguza mwendo, na hata kwa mwendo ule gari lake lilizunguka mara moja kabla ya kusimama salama. Wasimamizi wakainua bendera. Mukasine na majirani wakatoka na mchanga kwa mabeseni, safari hii hakuna aliyeimba.

Wakamaliza wa tisa. Mutsinzi alipoomba warudishiwe muda waliosimama, mwamuzi alimtazama Swafiya, akauliza ni nani aliyepiga sabuni barabara. Swafiya akakubali kosa. Mwamuzi akasema kanuni haina kifungu cha kumrudishia muda aliyeosha njia ya mashindano, na watu wakaangua kicheko. Ntare hakucheka. Alikuja akamshika Swafiya mkono kwa mikono yake miwili.

 Mutsinzi alimshusha Swafiya kibandani, akasema asante, akaondoka. Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Swafiya akashona viti vya basi dogo na kujiambia kwamba mtu mzima hulia mara moja tu kwa jambo moja.

Alhamisi pikapu ikasimama mbele ya kibanda. Mutsinzi akashuka, akafungua nyuma, akabeba mwenyewe kile kiti cha kulia, kipana kama kitanda cha mtoto, na juu yake mto wa manjano wenye matope.

"Kinahitaji kukatwa, Fundi. Kipunguzwe pembeni, kiinuliwe chini."

Swafiya alikipapasa, asithubutu kumtazama usoni. "Kwa kipimo cha nani?"

"Cha anayekaa humo. Mbio zinazofuata ni mwezi ujao."

Maelfu ya watu Swafiya alikuwa amewapima maishani. Alichukua futi yake shingoni, akakaa kwenye kiti kikubwa cha Zephaniah katikati ya vumbi la mbao, na kwa mara ya kwanza akaanza kujipima mwenyewe.