Saladi ya Mama Bucha

Siku hiyo Mama Bucha alifunga duka saa tisa na nusu alasiri, tena Jumamosi, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu marehemu mumewe amwachie lile gogo la kukatia nyama. Mteja wa mwisho akalalamika, "Mama, na maini yangu?" Akamkatia chapuchapu, akafuta kisu kwenye aproni, akakitumbukiza mkobani aende kukinoa nyumbani kama kawaida yake, akashusha mlango.

Saa kumi na moja mwanawe wa kwanza alikuwa anakaribisha ndugu kwenye nyumba yake mpya. Kila mtu aliambiwa aje na chakula. Yeye aliambiwa saladi.

Saladi tu. Kata, changanya, kamulia limau, kwisha habari. Lakini kwa ajili ya saladi hiyo mama wa watu alikuwa hajalala vizuri wiki nzima.

Sababu ni binti yake, kitinda mimba. Yule hali chochote kilichotoka kwa mnyama. Nyama hapana, maziwa hapana, mayai hapana, mpaka asali. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, ndani ya nyumba inayoishi kwa kuuza nyama. Mama akaona mtoto anakonda, shingo imebaki mifupa, roho ikamuuma. Basi akafanya alichokiona ni huruma: miezi minne mizima akawa anampikia maharage kwa supu ya mifupa. Anaichuja, anapakua, anakaa kimya. Binti anasifia, "Mama, maharage yako hayana mpinzani." Mpaka siku binti alipofunua sufuria kabla supu haijachujwa.

Hakupiga kelele. Alifungasha nguo akahamia kwa rafiki yake. Sasa ni mwaka wa tatu. Simu anapiga, shikamoo anatoa, mama akiugua anakuja. Ila kula kitu kilichotoka mkononi mwa mama yake, hapana.

Wiki ile kaka mtu alipiga simu. "Nimemwambia saladi utaleta wewe."

"Akasemaje?"

"Akasema sawa."

"Sawa tu? Hajaguna?"

"Mama, amesema sawa. Usianze."

Kwa hiyo Mama Bucha alijipanga kama mtu anayekwenda mahakamani. Bakuli jipya. Ubao mpya. Kisu kipya cha mpini wa kijani. Dengu alizichemsha asubuhi kwenye sufuria aliyoisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa. Parachichi, matango, nyanya, vitunguu, karoti, limau mbili. Aliingia jikoni bila hata kukaa, akanawa mikono mara tatu, akaanza.

Tatizo, kile kisu cha kijani kilikuwa takataka. Nyanya kinaziponda, karoti kinateleza juu yake. Saa ya ukutani inakwenda. Nje jirani yake, fundi redio, aliyeahidi kumpeleka kwa pikipiki, akaanza kupiga honi.

"Mama Bucha, tunakwenda leo au nirudi wiki ijayo?"

"Nakuja, baba. Dakika mbili."

"Za kwangu zilishaisha."

Jasho likamtoka. Na mkono uliokata nyama miaka ishirini na sita hauombi ruhusa. Uliingia mkobani, ukatoka na kisu chake, na karoti zikaanza kuanguka nyembamba kama karatasi. Matango. Vitunguu. Dakika mbili kweli. Akamwaga dengu, akakamua limau, chumvi, mafuta kidogo, akafunika bakuli na kukimbia. Njia nzima alilikumbatia kifuani kama kichanga.

Binti alikuwepo. Amenenepa kidogo, amesuka. Akamwamkia mama yake, kisha, mbele ya ndugu wote, akachukua sahani na kujipakulia. Vijiko viwili. Kikaongezeka cha tatu.

"Jamani, hizi karoti," kaka mtu akasema, akiinua moja kwenye mwanga. "Mama kakata utadhani mashine."

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Aproni. Maini. Mkoba.

Binti alishainua uma. Angenyamaza, nani angejua? Mama aliiona njia hiyo wazi kabisa, pana, maana alishaipita miezi minne.

"Usile," akasema.

Uma ukasimama.

"Nimekatia kisu cha dukani. Kilikuwa kimetoka kwenye maini. Sikukusudia, mwanangu. Nilinunua kingine, kikawa butu, nikachelewa, mkono ukachukua tu."

Mjomba, anayeogopa kimya kuliko ugonjwa, akanyoosha mkono kulielekea bakuli. "Basi lileteni huku, mimi na maini hatuna ugomvi."

Binti akaweka sahani chini taratibu. Mama akageuka atafute viatu vyake mlangoni, maana hapo pa kukaa palikuwa pameisha.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Njoo hapa kwanza." Sauti haikupanda wala kushuka. "Mbona ile miezi minne hukusema hivi?"

Miaka yote hiyo binti alikuwa hajamuuliza.

"Niliona utakufa."

"Kwa maharage, mama?"

"Nilikuwa naona mifupa ya shingo tu. Hata usingizini."

Binti akauliza, "Kulikuwa na kingine?"

"Kingine nini?"

"Ulichonitilia. Sema vyote leo, ama usiseme tena chochote."

Ndugu wote wanasikia. Akamwangalia mwanawe wa kiume amwokoe. Yule akaangalia sakafu.

"Maziwa," akasema. "Kwenye viazi."

"Na?"

"Samli kwenye wali. Kidogo."

"Na?"

Binti hakuondoa macho, hakunyanyuka, wala mkoba wake hakuugusa. Mama Bucha akavuta kiti akakaa mbele yake, mikono juu ya mapaja, kwa sababu vilivyobaki vilikuwa vingi.