Kamba ya Buti na Mkaja

Naikumbuka siku moja, mwanangu, nami ni mzazi wa juzi tu huku huku Thornton Heath, kwa Waingereza, kaka yako mchanga kalala kitandani, baba yenu kaenda kazini. Bi Zuwena, jirani yetu Mpemba, akaja kunikanda maji ya moto na kunifunga mkaja, kile kitambaa cha kukaza tumbo la mzazi. Mimi na ujuba wangu nikamzuia mlangoni. Nikamwambia, "Waingereza wanasema mtu ajiinue kwa kamba za buti zake." Nilifundishwa kazini hiyo, kwamba maana yake ujitegemee, usimsumbue mtu.

Bi Zuwena hakubishana. Akanitupia mkaja. "Haya, jifunge."

Nikivuta huku, kule kunalegea. Mara kizunguzungu, nikapepesuka. Bi Zuwena asingenidaka, ningemwangukia mtoto.

Nesi Mwingereza aliyekuja kumpima mtoto akatukuta hivyo. Bi Zuwena, hana haya yule, akamsimulia yote kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Nesi akacheka mpaka akakaa. Kisha akaokota buti la baba yenu, lile lenye kitanzi nyuma cha kuvutia unapolivaa, kumbe ndiyo hiyo kamba ya buti.

"Zamani maneno hayo yalikuwa mzaha," akasema. "Nani atavuta kitanzi cha buti lake akajinyanyua hewani? Alikuwa akiambiwa hivyo mtu anayejaribu lisilowezekana. Baadaye watu wakausahau mzaha, wakaufanya wasia."

Subhana'Allah! Nilipigwa na butwaa. Neno lililonitia kiburi, kumbe lilizaliwa kumcheka mtu kama mimi! Na wetu walishasema, kinyozi hajinyoi. Wazee wa huku na wa kwetu, hata hawakuonana, wakaliona jambo lile lile. Mpaka leo nikilifikiria mwili unanisisimka.

Sasa wewe umejifungua salama, alhamdulillahi, halafu jana ukaniambia kwenye simu nisije kwako Harrow, utamudu peke yako. Ala! Jitegemee, mwanangu, nafurahi sana, ndivyo nilivyokulea. Lakini zipo siku miguu hukataa, na siku hizo kushikwa si aibu. Aliyekwambia anajinyanyua mwenyewe, muulize nani alimfunga mkaja mama yake.

Mwenyezi Mungu akukuzie mwanao, akupe afya, asikukoseshe mtu wa kukudaka. Mimi nakutumia maneno haya nishapanda treni ya kuja kwako. Mkaja wa Bi Zuwena umo mkobani, na mlangoni usinizuie.