Yowe la Albamu

Mwanangu, nianze na ujinga wenyewe ili usisome kwa wasiwasi: nilipiga yowe la kuibiwa ng'ombe, mchana kweupe, bila mwizi wala ng'ombe aliyepotea, na wanaume wa kijiji chetu hapa Butiama wakaja mbio na mikuki. Yote kwa sababu ya albamu.

Nakuita mwanangu kwa kuwa wewe uko kidato cha kwanza na mimi niko cha tatu. Hiyo ni tofauti kubwa, usibishe.

Nakumbuka tulivyotoka studio Musoma tumenuna. Bendi yetu inaitwa Radi Kavu, inapiga metali nzito, ile ya magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayelia kama anachinjwa. Mwimbaji ni mimi. Chacha anapiga gitaa, Magesa wa Bunda anapiga ngoma. Nyimbo zote za albamu yetu ya kwanza zilikuwa tayari isipokuwa mmoja, maana kila nikipiga ule ukelele wa mwisho, maiki inakwaruza. Prodyuza, kaka mpole aliyebandika trei za mayai ukutani, akasema, "Dogo, hiyo sauti ni ya porini. Kairekodi nje na simu, uniletee."

Nikaona nimesifiwa. Jumamosi tukapanda kwenye majabali juu ya kwetu, Chacha akashika simu, nikavuta pumzi kutoka magotini. Sauti ikatoka ndefu, ikapanda, ikakatika, ikapanda tena. Hivyo hivyo ndivyo yowe la ng'ombe linavyopigwa huku kwetu, na mimi sikuliwaza hilo hata kidogo. Nilikuwa nawaza gitaa litaingia wapi.

Na yowe halina mjadala. Ukilisikia unaacha ulichoshika, unalipokea kwa kulipiga tena ili jirani wa mbali naye asikie, kisha unakimbia. Likapokelewa bondeni, likapokelewa ng'ambo ya barabara.

"Mwangwi mzuri huo," Magesa akanong'ona. "Usizime simu."

Mwangwi ukaja na mikuki. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Wambura, jirani yetu, nusu ya kidevu ina povu la sabuni. Alikuwa ananyoa.

"Wamepita wapi?"

"Akina nani, babu?"

"Wezi, mura, kijana wewe! Ng'ombe wa mama yako wamepelekwa wapi?"

"Ng'ombe wapo, babu. Hii ni albamu."

Akaitazama simu, akanitazama mimi. Nyuma yake wanaume wanahema. "Basi," akasema taratibu, "siku nyumba yenu ikipiga yowe tena, tutanyoa kwanza mpaka tumalize."

Hapo kicheko kilinikaukia. Baba yuko machimboni, anakujaga Krismasi tu. Ng'ombe wale analala nao mama, na ulinzi wake wote ni sauti ile na watu wale. Nilikuwa nimeutumia ulinzi huo kunogesha wimbo.

Mama alifika na panga. Alipoelewa hakunigusa. Aliwaomba radhi mmoja mmoja, kwa majina, akamtoa beberu wake, kama desturi inavyomtaka anayekusanya watu bure. Nilimchuna mimi, nikachoma mimi, nikawanawisha mikono mimi. Mzee Wambura, akiwa na paja mkononi, aliomba asikilizishwe ule ukelele kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Unaweza," akasema. "Ubaya ni kwamba unaweza sana."

Ukelele ule tuliufuta. Mwingine nilirekodi studio, nimefunikwa blanketi, na albamu imetoka kali, sioni haya kusema.

Basi shika haya, mwanangu. Anzisha bendi, vaa nyeusi juani, piga kelele mpaka walimu waombe uhamisho. Ila sauti ambayo watu wameiweka ya kuokoana, usiichezee hata kama inapendeza. Ukishaichezea, usijitetee kwa sanaa. Shika kisu uchune mbuzi, na uombe radhi kabla hujaombewa.

Mungu akupe koo lisilopasuka, akupe majirani wenye mbio, akupe na mama kama wangu, ambaye watu walipotawanyika alinisogelea, akaniambia hivi: "Kuanzia leo yowe likilia kwa mtu yeyote, wewe ndiye wa kwanza kufika. Ukifika wa pili, usisimame. Endelea kukimbia."