Anayemfuata Dorkasi Kwenye Kona ya Kifungilo

Saa kumi na mbili asubuhi, na ukungu bado umeikalia barabara ya Kifungilo. Dorkasi Shemhilu, fundi cherehani wa miaka sitini na moja, anakimbia taratibu katikati ya miti, kanga kaifunga kiunoni juu ya suruali ya michezo. Ghafla anapunguza mwendo.

“Umesikia?” anamuuliza mwandishi wa makala haya, ambaye wakati huo anahema hoi na hasikii kitu zaidi ya moyo wake mwenyewe.

Kisha anasikia. Nyuma yao kokoto zinasagika, hatua za mtu anayekimbia. Wakisimama, nazo zinasimama.

Dorkasi anashona sare za shule mjini Lushoto tangu ujana wake. Kazi ya kukaa kutwa ilimletea presha, daktari akamwambia atembee. Yeye akaamua kukimbia.

“Nilichekwa mpaka basi! Eti bibi kavaa raba, anakimbizwa na nani?” anasema, na mwenyewe anacheka.

Mwaka jana kicheko hicho kilimkauka. Alianza kuzisikia hatua kwenye kona hii, penye msitu mnene, na kila alipozisikia aligeuza kurudi mjini. Hivyo hakupata mazoezi ya masafa marefu. Alipokwenda Tanga kwenye mbio za kilomita ishirini na moja, miguu ilimgomea njiani, akapakiwa kwenye gari la kuokota waliochoka.

“Niliona aibu, jamani! Nililia humo garini kama mtoto. Na goti langu hili naona ni la mwaka huu tu. Nisipomaliza sasa, ndiyo basi tena.”

Aliyemfungua macho ni Rehema, shoga yake anayeuza maharage jirani na cherehani yake.

“Nilimuuliza, huyo mtu anakusalimia? Akasema hasalimii,” anasimulia Rehema. “Nikamwambia, weee, huyo si mtu! Huku kwetu nani akufuate njia nzima asikusalimie?”

Dorkasi alirudi kwenye cherehani, lakini sindano haikwenda. Ukweli ni kwamba alikuwa anaisubiri shikamoo yake. Kwa umri wake, kila anayekimbia barabara hii ni mtoto kwake, na yeye ndiye wa kuamkiwa. Haikuwa imemjia akilini kwamba aliye nyuma, kama si mtu, anaweza kuwa mzee wa zamani, mkubwa wake.

“Kumbe mimi ndiye sina adabu,” anasema, sauti kaishusha. “Mtu mzima nakutana naye kila asubuhi, simwamkii. Wewe ungeniacha?”

Kesho yake aliugeukia ukungu, akakunja goti kidogo, akaamkia. Anasema aliitikiwa marahaba, kwa sauti ya kizee iliyokwaruza, karibu kabisa na sikio lake. Lakini hakurudi mjini, na siku hiyo kwa mara ya kwanza alifika Kifungilo.

Leo pia anageuka. “Shikamoo,” anasema, na mwandishi anajikuta naye ameamkia. Hasikii jibu. Nywele zinamsimama hata hivyo, maana kokoto zimeanza tena kusagika, safari hii si nyuma yao bali pembeni.

Baadaye, mbele ya cherehani yake, Dorkasi anasema yuko tayari. Mbio za Tanga ni Jumapili, na anataka kuuvuka mstari wa mwisho kwa miguu yake mwenyewe, Rehema akimpigia vigelegele. Nauli ya basi ameshalipa.

“Nimeshaaga,” anasema. “Jana nilimwambia, mzee wangu, mimi nakwenda Tanga kukimbia na wenzangu, wewe baki salama huku.”

Na yeye alisemaje?

Dorkasi anakata uzi kwa meno, halafu anaitazama barabara.

“Aliniuliza tunaondoka saa ngapi.”