Mbwa Aliyelala Miguuni pa Mama

Mbwa wa mama aliaminiwa kijijini kwetu Midia kuliko mganga. Baba alipougua, mbwa huyo alilala kizingitini siku tatu bila kuonja chakula, na siku ya nne tukazika. Kwa bibi jirani akafanya vilevile. Kwa hiyo shangazi aliponipigia simu Arua, ninakouza vitenge, hakuzungukazunguka: "Kuja mbio. Mbwa imeanza kulala kwa mama yako."

Nilifunga kibanda nikapanda gari la kwanza la kwenda Koboko. Nyumbani nikakuta matanga bila maiti! Binamu wanapasua kuni, wanawake wanatwanga muhogo, turubai limeshafungwa kwenye miti. Kwetu ni aibu wageni wa msiba wafike kabla ya kuni, na aibu hiyo tunaiogopa kuliko kifo chenyewe. Mama, mwenye msiba wake, alikuwa amekaa mkekani akigawa kuku: huyu wa shangazi, yule wa mchungaji. Haumwi popote, alisema, ni kiu tu na uchovu. Lakini mbwa ameshasema.

Nilipandwa na hasira. "Mnamzika mtu anayeongea?"

"Wewe mutoto ya mjini," shangazi akanijibu, "mbwa haina uongo."

Na kweli, hakuwa nao. Nilichuchumaa nimfukuze, ndipo nikaona: hakulala kizingitini kama wakati wa baba. Alilala miguuni, akilamba kidole kimoja tu cha mguu wa kushoto, na kila nikimsukuma anarudi palepale. Nikauinua ule mguu. Chini ya kidole palikuwa na kidonda kilichooza kikawa cheusi, mwiba bado umo ndani. Nikabonyeza. Mama akaendelea kugawa kuku.

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika Kongo. Nikaita bodaboda, mama nikamweka katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, tukaruka mashimo yote hadi hospitalini mjini, mbwa akitufukuzia mpaka pumzi zikamwishia. Daktari alipima damu, akatoa macho: sukari. Kidole kitakatwa, alisema, lakini mguu utabaki, na mama naye. Tungechelewa siku mbili, angetuambia mengine. Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia muuguzi nisiyemjua hata kwa sura. Kisha nikapiga simu nyumbani: teremsheni hilo turubai!

Baadaye, mama akiwa kitandani na dripu mkononi, nilimuuliza kwa ukali mbona hakuniambia kwamba mguu umekufa ganzi. Si nampigia kila Jumapili?

Akanitazama bila kinyongo chochote.

"Unauliza, 'Mama, iko muzuri?' Mimi nasema, iko muzuri. Mwaka muzima. Simu haioni mguu, mwanangu."