Kisima cha Bi Rukia na Bustani ya Shule

Asubuhi moja kule kisiwani Pate naikumbuka bado, mwanangu, na kwa kuwa nimesikia umepelekwa kufundisha visiwani na kukabidhiwa bustani ya shule, kaa kidogo nikusimulie. Hunijia nikiwa nimekaa tu, macho wazi, chai inapoa mkononi. Naona mchanga mweupe, naona watoto wamechuchumaa kwenye matuta wakimwagilia mchicha kwa makopo, na sauti zao zinanifikia kwa mbali, nusu nazisikia, nusu naziota.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Kirinyaga na cheti kipya na kiburi cha kugawia majirani. Kwetu udongo ni mwekundu na maji yanashuka yenyewe kutoka mlimani. Mkuu wa shule aliponipa uwanja nyuma ya madarasa nifundishie kilimo, niliona wenyeji wamelala tu. Nikapanda mchicha, sukuma wiki, nyanya, hata kabeji. Kabeji kwenye mchanga ule, hebu fikiria!

Maji tuliyateka kwa Bi Rukia, mjane aliyeishi kando ya shule. Kisima chake kilikuwa kifupi, na mtaa mzima ulikunywa hapo. Alituruhusu ndoo chache kila asubuhi, akasema tusizidishe. Kiangazi kilipokolea miche yangu ikaanza kunyauka, na mkaguzi alikuwa njiani. Bi Rukia naye alikuwa Amu, yaani mjini Lamu, kumuuguza dada yake. Sikungoja arudi. Niliwachukua wanafunzi wa darasa la saba na majembe, tukakichimbe kisima kiende chini zaidi. Kwetu ukitaka maji mengi unachimba, basi.

Fatma, mjukuu wa Bi Rukia, akainua mkono.

"Mwalimu, mai matamu hukaa yuu ya mai ya munyu. Tukitimba sana, munyu utapanda."

"Nani mwalimu hapa?" nikamuuliza.

Darasa zima likacheka. Fatma akaushusha mkono, akachukua karai, akabeba mchanga pamoja na wenzake.

Siku mbili maji yalikuwa tele, nami nikitembea naringa. Siku ya tatu chai ya walimu ikawa na chumvi, ule munyu wa Fatma. Wiki haijaisha, majani ya mchicha yameungua, na wanawake wa mtaa wameanza kwenda kisima cha mbali, punda wamebebeshwa madumu. Niliwaona wakipita mbele ya darasa langu na sikuweza kuwatazama.

Bi Rukia aliporudi alikinga maji kiganjani, akaonja, akayatema. Nililia mbele yake bila haya. Hakunifokea, na laiti angenifokea.

"Kisima tutakitia mtanga, Mwalimu, na mvua ikinya mai yatarudi," alisema. "Lakini mwana alikwambia. Mbona hukumsikiza?"

Tulirudisha mchanga chini ya kisima, karai kwa karai. Masika yakaja, na polepole maji yakawa matamu tena. Bi Rukia mwenyewe alinipa mbegu za mabamia, akanionyesha wapi pa kuzipanda, na bustani ikapendeza. Ila Fatma, mwanangu, nilimfundisha hadi akamaliza darasa la nane na sikumwona tena akiinua mkono. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Akaniitikia kwa adabu, "Yamekwisha, Mwalimu," mikono imetulia mapajani. Hilo linaniuma hadi leo kuliko kile kisima.

Kwa hiyo ukifika huko usianze na jembe. Waketishe watoto mchangani, uwaulize mama zao hupanda nini, maji hutoka wapi, na miezi gani hayafai kutekwa ovyo. Wakufundishe wao kwanza, nawe uandike daftarini kama mwanafunzi, ndipo uwaongezee ulichosomea chuoni. Mkikosea pa kupanda, mbegu zipo nyingine. Lakini mtoto akikupinga mbele ya darasa, na hilo litakuchoma kweli, weka chini ulichoshika umsikilize mpaka amalize. Akiwa amekosea, mtapima pamoja, na yeye mwenyewe ataona.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie, akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi, na watoto wako wasichoke kukuinulia mikono.