Soli ya Mama Mkwe

Fundi viatu aliacha kufuatilia habari tangu siku alipoitegea redio sikio mno, akashona soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia cha mama mkwe wake. Siku hizi hununua gazeti kila asubuhi na kulisokomeza lote, bila kulitupia jicho, ndani ya viatu vilivyolowa. Mteja akimuuliza kama amesikia yaliyotokea, hujibu kwa upole, "Kama ni kiatu, lete nikione." Jana mama mkwe alikuja kuchukua jozi nyingine ya viatu, aliyompa kama nafasi ya mwisho. Alivivaa, akatembea hadi mlangoni na kurudi, akaguna kwa kuridhika. Kisha akaketi, akachomoa gazeti kwenye kiatu cha watu na kulinyoosha gotini. "Mkwe, umeyaona haya?" Fundi akashika nyundo, akaanza kugonga kwa bidii soli isiyohitaji msumari hata mmoja.